Zeze na Maneno Yake: Uhakiki wa Kazi ya Hukwe Zawose

Hukwe Ubi Zawose ni katika wanamuziki wachache wa Tanzania walioandikwa zaidi na wageni kuliko na wenyeji. Wale wageni hawakumnyima sifa. Walisifu sauti yake, jinsi ilivyopanda hata ikawa nyembamba kama ya mtoto na kushuka tena hata ikawa nzito kama mngurumo. Wakasifu vidole vyake juu ya marimba na upinde wake juu ya zeze. Yote hayo ni kweli. Walakini katika sifa hizo limekosekana jambo moja, nalo si dogo: ya kuwa mtu huyu alipofungua kinywa alikuwa akisema maneno, na maneno hayo yalikuwa na wenyewe.

Makala haya yamekusudia kuipima kazi ya Zawose kwa maneno yake. Si kwa kuyanukuu, bali kwa kuuliza yalisemwa mbele ya nani, kwa lugha gani, na yalipatwa na nini kila msemaji alipohama jukwaa. Na kwa kuwa Ugogo umepakana na Uhehe, na maji ya Ruaha Mkuu pale Mtera ndiyo yanayotenga mkoa wa Dodoma na mkoa wa Iringa, yafaa kipimo hicho kishikwe kutoka upande wa kusini wa mto. Huko nyanda za juu, Iringa na Mbeya, nako kuna ala za nyuzi na waimbaji wake. Nao hawakupata bahati aliyoipata jirani yao. Kutofautiana kwa bahati hizo mbili kunafundisha zaidi kuliko kumtazama Zawose peke yake.

Kwanza zeze lenyewe. Si mali ya Wagogo pekee, maana hujulikana kwa makabila mengi ya bara. Lakini kwa Wagogo limepata cheo. Ni kibuyu kilichowambwa ngozi, kikapitishwa mti mrefu, zikafungwa nyuzi juu yake, na upinde ukazisugua. Mlio wake si laini kama wa fidla ya taarabu ya Unguja. Una ukali na mkwaruzo, na ndani ya mkwaruzo huo sikio lililozoea husikia sauti nyingine nyembamba zikizaliwa juu ya sauti ya uzi. Gerhard Kubik, mtaalamu wa Austria, katika kitabu chake cha mwaka 1968 juu ya uimbaji wa sauti nyingi katika Afrika ya Kati na ya Mashariki, alionyesha ya kuwa mpangilio wa sauti za Wagogo umetokana na msururu huo wa asili, tangu sauti ya nne hadi ya tisa. Ndiyo maana waimbaji wa Kigogo wanapoimba pamoja, wa juu na wa chini, hukubaliana bila ya kufundishwa na mtu mwenye kinanda. Uzi umekwisha kuwafundisha.

Jambo hili lina faida kwa mhakiki. Ule upandaji wa sauti wa Zawose, ambao wageni waliuona kuwa ni muujiza wa koo la mtu mmoja, ulikuwa pia ni adabu ya zeze. Mwimbaji hufuata ala yake, ala hufuata msururu, na koo huenda mahali ambapo sauti ya saba na ya tisa zinaliita. Kipaji cha Zawose kilikuwa kikubwa, hapana mwenye kubisha. Lakini kilikuwa kipaji ndani ya lugha ya muziki yenye sarufi yake, na msikilizaji asiyeijua sarufi hiyo huona ajabu mahali ambapo mwenyeji huona ufasaha. Mtu aweza kusifiwa kwa namna inayompunguzia heshima.

Zawose alizaliwa mwishoni mwa miaka ya 1930 au mwaka 1940 katika sehemu za vijijini za Dodoma. Wasimulizi hawakupatana juu ya mwaka. Nchi ile ni ya ng'ombe, mtama na uwele, na ya mvua isiyoaminika. Mathias Mnyampala, naye Mgogo, alikwisha kuandika habari za watu wake katika kitabu chake cha historia, mila na desturi za Wagogo kilichotolewa mwaka 1954, na asomaye humo ataona jinsi maisha ya Ugogo yalivyofungwa kwa ngoma na nyimbo: za jando, za mavuno, za kuomba mvua. Katika maisha hayo wimbo hauna msikilizaji kwa maana ya siku hizi. Aliyepo huitikia. Mpigaji zeze hutaja jina la mtu, na mtu huyo yupo. Hukanya tabia ya jirani, na jirani anasikia. Maneno hayahitaji kufafanuliwa kwa kuwa kisa chake kinajulikana tangu jana.

Inafaa kuwafikiri Wagogo hawa wawili pamoja, Mnyampala na Zawose, kwani kila mmoja aliutoa usemi wa kwao akaupeleka kwa taifa, na walikwenda kwa njia mbili zilizopingana. Mnyampala, aliyefariki mwaka 1969, alishika Kiswahili na mizani ya mashairi ya pwani, akawa mshairi mkubwa na mwasisi wa ngonjera. Kigogo akakiacha nyuma katika utungo wake. Zawose alishika zeze, marimba na koo la Kigogo, akaingiza Kiswahili pale kilipohitajiwa. Wahakiki wa fasihi ya Kiswahili wamemwandika Mnyampala kwa haki. Zawose wamewaachia watu wa muziki, kana kwamba utungo usioandikwa karatasini si utungo. Hilo ni kosa la fani yetu wala si la mwimbaji.

Mabadiliko ya kwanza yaliletwa na Serikali. Mwezi Desemba mwaka 1962 Mwalimu Nyerere, katika hotuba yake ya kuwa Rais wa Jamhuri ya Tanganyika, alisikitika ya kuwa wasomi wa nchi walijua dansi za Ulaya kuliko ngoma za kwao, akatangaza kuundwa kwa wizara ya utamaduni. Kikundi cha ngoma cha taifa kikafuata, na katika miaka hiyo ya 1960 Zawose aliitwa Dar es Salaam kwa mwito wa Nyerere mwenyewe. Hapo mpigaji wa kijiji akawa mtumishi wa taifa. Aliyekuwa akiitikiwa na jirani sasa alipigiwa makofi na wageni wa Serikali, na wasikilizaji wake wengi hawakujua Kigogo.

Ni hapa ambapo uhakiki wa kweli unapaswa kuanza. Nyimbo zake za Kiswahili za miaka hiyo na baada yake, zenye kumsifu Mwalimu na kuhimiza ujamaa, mara nyingi huachwa na waandishi wa nje, ambao huziona kuwa za propaganda. Na waandishi wa ndani huzitaja kwa heshima tu bila ya kuzichungua. Pande zote mbili zimekosea. Sifa za mtawala ni kazi ya kale ya mpigaji zeze. Hakuifundishwa na chama. Kilichobadilika ni kwamba mtawala hakuwepo kuitikia, na maneno ya sifa yalikuwa ya lugha ambayo haikuzaliwa pamoja na uzi ule. Kiswahili kina mkazo wake kwenye silabi ya mwisho ila moja, nacho hakipendi kuvunjwa. Hukaa juu ya mlio wa Kigogo kama mgeni aliyepewa kiti kizuri. Zawose alijua hivyo, naye kwa ustadi aliyafupisha maneno ya Kiswahili, akayarudia, akayafanya yawe nguzo chache za kushikia, huku sauti isiyo na maneno ikijaza nafasi iliyobaki. Ndipo msikilizaji anapopata lile aliloliita la ajabu. Kupungua kwa maneno ndiko kulikoipa sauti uwanja.

Kwa hiyo lile koo lililotukuka duniani lilikuzwa, kwa sehemu, na haja ya kuwaimbia watu wasioelewa. Hili si la kumlaumu; ni la kueleza. Lakini lina hasara yake, kwani yule mkanyaji wa kijijini, mwenye kutaja kisa na jina, hasikiki sana katika mwimbaji wa taifa, na hasikiki kabisa katika mwimbaji wa dunia.

Mwaka 1981 Chuo cha Sanaa cha Bagamoyo kilianzishwa, na Zawose akawa katika waliofundisha huko. Bagamoyo ikawa makao yake mpaka mwisho, na nyumba yake ikawa chuo cha pili, maana watoto na watu wa ukoo wake walikulia katika kazi hiyo. Msomaji akumbuke ya kuwa Bagamoyo ni mji wa Waswahili, wa madrasa na maulidi. Zeze la Ugogo lilikuwa pale ugenini, ingawa ndani ya nchi yake. Akitaka Kigogo cha kuitikia, Zawose ilimpasa akitafute katika ua wake mwenyewe. Ndiyo sababu moja ya kundi lake kuwa la jamaa.

Kisha zikaja santuri. Mwaka 1985 ilitolewa London ile iitwayo Tanzania Yetu, na nyingine zikafuata. Japani nako alirekodiwa. Aliingia katika matamasha ya WOMAD na katika kampuni ya Real World, iliyoanzishwa na mwimbaji wa Kiingereza Peter Gabriel, ikatoa Chibite mwaka 1996. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zikatoka Assembly, aliyoifanya pamoja na Michael Brook, mpiga gitaa wa Kanada, na Mkuki wa Rocho, aliyoifanya pamoja na Charles Zawose wa ukoo wake.

Jina la hiyo ya mwisho linastahili kusimamiwa kidogo. Mwenye kamusi mkononi angetarajia roho, na mhariri wa Kiswahili sanifu angelisahihisha bila ya kuuliza. Bahati njema hakuwepo. Kwenye jalada lililouzwa Ulaya kukabaki Kiswahili cha bara kama kinavyotamkwa na mtu wa bara, jambo ambalo wachapishaji wa Dar es Salaam aghalabu hawaliruhusu. Wageni wale, kwa kutojua usanifu, waliitunza lafudhi ambayo wenyeji kwa kuujua wangaliifuta. Elimu ya lugha haina haja ya kuona haya kujifunza kwa jalada la santuri.

Kuhusu ubora, santuri hizi hazilingani. Chibite ndiyo inayomsadiki mwenyewe: ala ni zake, sauti zinazogongana ni za msururu ule ule mmoja, na pale maneno yanapokuja yana nafasi. Assembly ilisifiwa kwa kuunganisha dunia mbili, na Brook alikuwa mtu mwenye sikio, kwani alikwisha kufanya kazi na Nusrat Fateh Ali Khan wa Pakistani. Lakini gitaa lina vipingo vyake, nao wamepima sauti kwa namna nyingine. Sauti ya saba ya msururu wa asili ambayo zeze huitoa imepungua kwa karibu theluthi ya nusu-sauti ukiilinganisha na ile ya gitaa iliyo karibu nayo. Katika sehemu nyingi za santuri hiyo mpiga gitaa ameepa mgongano huo kwa kutandaza mlio mpana kama ukungu, na ndani ya ukungu zeze likapoteza makali, na maneno yakawa vivuli. Inapendeza kusikiliza. Haimwonyeshi Zawose isipokuwa kama rangi.

Mfano wa mbali utasaidia kuona kilichotendeka. Michael Coleman, mpiga fidla wa Ireland, alizaliwa mwaka 1891 katika jimbo la Sligo, akahamia Marekani mwaka 1914, na katika miaka ya 1920 akarekodi New York santuri nyingi za ngoma za kwao. Santuri hizo zilivuka bahari zikarudi Ireland, zikachezwa katika majiko ya wakulima, na vijana wakazisikiliza wakajifunza. Namna ya Sligo ikaenea hata ikazisonga namna za wilaya nyingine. Coleman alifariki mwaka 1945 mbali na kwao, lakini upinde wake ulikuwa umekwisha kurudi nyumbani. Santuri za Zawose zilisafiri upande mmoja. Zilitengenezwa kwa wasikilizaji wa Ulaya na kwa bei ya Ulaya. Kijiji cha Ugogo hakikuwa katika hesabu ya muuzaji. Mtu aweza kusema hilo liliwaponya Wagogo wasimezwe na namna ya mtu mmoja, na pengine ni kweli. Lakini huko nje namna ya mtu mmoja imekwisha kuitwa muziki wa Wagogo, na wale wanawake wenye ngoma za muheme, ambao ni nusu nzima ya muziki huo, walikaa muda mrefu bila ya kutajwa.

Sasa turudishe macho kusini ya mto. Wahehe wana ligombo: ubao mrefu uliochongwa kama hori, uzi ukapitishwa huku na huku juu yake mara kadhaa, na kibuyu kikaongezwa ili kukuza mlio. Huchezwa kwa vidole na mtu aliyeketi, naye huimba kwa sauti ya mazungumzo, wala hapandi juu. Ni ndugu wa inanga ya Rwanda na enanga ya Wahaya, na kama hizo, ni ala ya maneno: ya sifa, ya masimulizi, ya mambo ya watawala. Katika nchi iliyopigana na Wajerumani Lugalo mwaka 1891 na kumpoteza Mkwawa mwaka 1898, haikukosa la kusimulia. Hugh Tracey alipopita Tanganyika mwaka 1950 na mashine yake aliwarekodi wapigaji wa ligombo, na sauti zao zimo katika maktaba ya muziki wa Afrika aliyoiasisi mwaka 1954, ambayo sasa iko katika Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika ya Kusini.

Basi kwa nini ligombo halikupata Zawose wake? Jibu rahisi ni kwamba hakuzaliwa. Nalo si jibu, kwa sababu hakuna anayejua waliozaliwa ni wangapi. Jibu lenye uzito zaidi ni la walezi. Nyanda za juu zilipata mlezi wa muziki mapema, naye alikuwa kanisa. Wamoravian walifika Rungwe mwaka 1891, na misheni ya Berlin mwaka ule ule. Wakatoliki wakajenga Tosamaganga karibu na Iringa. Kanisa lilitaka sauti za watu, tena nyingi kwa pamoja, na kwaya za Mbeya na Iringa zilikua hata zikawa fahari ya nchi. Halikuwa na kazi ya kumpa mtu mmoja aliyeketi na hori lake akisimulia habari za watemi. Nayo Serikali ilipotafuta ala za kuweka jukwaani ilitaka zenye kusikika mbali na kuonekana. Zeze la Zawose, marimba yake, njuga na mchezo wake vilifaa. Ligombo hukaa chini na kunong'ona. Jukwaa halikulikataa kwa ubaya, halikulisikia.

Walakini hapa ndipo kipimo kinapogeuka. Ala iliyokosa jukwaa haikulazimika kuyapunguza maneno yake. Mwimbaji wa ligombo alibaki na wasikilizaji wachache wanaoelewa, na kwa hao hakuwa na sababu ya kuifanya sauti ifanye kazi ya usemi. Kwa mtafiti wa lugha, hilo ni ghala ambalo safari ya Zawose, kwa utukufu wake wote, haikuweza kulitunza. Kielelezo cha kazi inayotakiwa kipo: M. M. Mulokozi alikusanya na kuchambua tenzi za enanga za Buhaya, akazipa cheo cha fasihi, mtunzi kwa jina lake na neno kwa maana yake. Kihehe, Kibena, Kisangu na Kisafwa vinastahili mkono wa namna hiyo, na Kigogo vilevile. Chuo Kikuu cha Iringa kipo, na Mkwawa kipo. Umbali kutoka darasani hata kwa wazee wa Kalenga hauzidi mwendo mfupi wa gari.

Zawose alifariki nyumbani kwake Bagamoyo tarehe 30 Desemba 2003, na Charles hakukawia kumfuata, mwaka 2004. Jamaa wameendelea. Msafiri, mwanawe, ametoa kazi zake mwenyewe. Mwaka 2024 Pendo na Leah, binti na mjukuu, walitoa Maisha kwa jina la The Zawose Queens, wakiwa wanawake walioshika mbele kazi ambayo zamani ndani ya nyumba hiyo waliiitikia kutoka nyuma. Aisikilizaye kwa sikio lililozoea Chibite atasikia msururu ule ule wa sauti. Atasikia pia ya kuwa wanawake hawa hawapandi juu ili kushangaza. Wanaimba kwa kupokezana, mmoja akitaja na mwingine akiitikia, na neno linafika likiwa zima.